Mkaguzi Aliyesoma Kuanzia Chini

Jenereta ya ofisi yetu pale Buluk, mjini Juba, ilipozimika, sisi wengine tulifunga kompyuta na kutoka kutafuta chai. Yeye alibaki. Alivuta karatasi zake karibu na dirisha, akaweka rula chini ya mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho, akaanza kusoma programu kutoka chini kwenda juu, mstari mmoja mmoja, midomo ikicheza bila sauti. Tuliporudi alikuwa ameshazungushia duara la kalamu nyekundu mahali pawili au patatu, na mara nyingi moja lilikuwa kwenye kazi yangu.

Ofisi nzima ilimwita Mkaguzi, mkurugenzi pia. Mimi nilimwita Mama, kwa kuwa alikuwa rika la mama yangu, na yeye aliniita biniya, yaani msichana kwa Kiarabu cha Juba, hata baada ya mimi kuolewa.

Tulikuwa watu sita. Tuliandika programu za zahanati ndogo za majimboni: orodha ya wagonjwa, tarehe zao za kurudi, dawa zilizobaki kabatini. Kompyuta za zahanati hizo zilikuwa za msaada. Zilikuwa zimetumika kwingine mpaka wenyewe wakazichoka, ndipo zikaletwa kwetu, na nyingi hazikuwa na intaneti. Kazi yetu ilisafiri kwa flashi, ndani ya ndege ndogo au boti. Mvua zikishaanza, kosa lililofika huko lilikaa huko mpaka ardhi ikauke.

Lugha inayotumika kuandika programu haikai mahali pamoja. Kila toleo jipya huja na alama mpya na njia fupi za kusema jambo. Kompyuta yenye toleo jipya huzielewa. Yenye toleo la zamani hufika kwenye mstari ule na kusimama. Mkaguzi aliajiriwa kuhakikisha kwamba hatuandiki kitu ambacho kompyuta kuukuu kuliko zote haitakielewa. Alikuwa ametengeneza programu yake ya kukagua. Hiyo haikuiendesha kazi yetu. Iliisoma tu, kama mwalimu anavyosoma insha, kisha ikatoa majibu: mstari wa arobaini na mbili, toleo la zamani haliujui. Mstari ukikataliwa, kazi haitoki ofisini. Na kile ambacho programu yake haikukiona, alikisaka mwenyewe kwa rula.

Sikuwahi kujua alizaliwa wapi, na yeye si mtu wa kusimulia ukoo. Nilijua tu kwamba miaka ya vita aliishi Uganda, akifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha kanisa. Alisoma nyimbo na katekisimu za lugha tatu, akitafuta makosa kabla mashine haijaanza kuchapa. Huko ndiko alikojifunza kusoma kinyumenyume.

"Ukisoma kutoka juu, akili nakusaidia," aliniambia. "Wewe nasoma kitu iko kwa kichwa. Hapana kitu iko kwa karatasi."

Kiswahili chake kilikuwa hicho, cha upande ule, cha mimi iko na wewe iko. Mimi nilikulia Eldoret, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na shule ilikuwa imeniachia ugonjwa wa kusahihisha watu. Siku moja aliposema, "Kompyuta yao iko mzee," nilimwambia, "Mama, tunasema kompyuta zao ni kuukuu."

Aliniangalia juu ya miwani. "Wewe naelewa mimi?"

"Nimeelewa."

"Basi, kalas. Mtu naelewa, hakuna kitu naharibika."

Alasiri ile ile akanirudishia ukurasa wangu kwa sababu ya koma moja. Nilicheka, nikamwambia kwamba yeye mwenyewe hasamehe hata koma ilhali Kiswahili chake kinasamehewa kila siku. Hakucheka.

"Watu nasamehe," alisema. "Kompyuta hapana samehe. Na nyuma ya kompyuta iko mgonjwa nakaa."

Ungedhani mtu wa namna hiyo nyumbani kwake amejaza vitu vya kale. Hapana. Sijawahi kuona mtu aliyependa kitu kipya kama yeye. Simu yake ilikuwa ya toleo la juzi daima. Kitenge akikivaa Krismasi, Pasaka kiko kwa mtu mwingine. Kwenye kibanda cha mama Mganda tulikokula mchana, alisimama mlangoni na kuuliza, "Leo iko nini mpya?" na kama ni posho, yaani ugali, na maharage tu, alikula akinung'unika. Nilipomuuliza inakuwaje anatunyima alama mpya huku yeye akishika simu mpya kila mwaka, alijibu mara moja, kana kwamba swali hilo alishalifikiria zamani.

"Hii simu naharibika, mimi peke yangu nalia."

Ukutani juu ya meza yake alibandika karatasi yenye majina ya zahanati zote, na mbele ya kila jina aina ya kompyuta na toleo la lugha lililomo. Aliwapigia wahudumu simu kila mtandao ulipopatikana, akawaongoza wafungue ukurasa fulani na kumsomea namba. Aliwajua kwa sauti. Alijua nesi gani ana mtoto mchanga na nani amehamishwa. Zaidi ya wote alizungumza na nesi mmoja wa zahanati ya kando ya mto, mwanamume aliyesomea kazi yake Kenya, ambaye kompyuta yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwenye karatasi ile, nyuma ya zote. Sheria zote za Mkaguzi zilipimwa kwa kompyuta hiyo moja.

"Kwa nini tuandike kama watu wa zamani kwa sababu ya zahanati moja?" mwenzetu mmoja kutoka Kampala alimuuliza kwenye kikao.

"Ile nyingine naelewa ya zamani na ya mpya," alisema. "Hii moja naelewa ya zamani peke yake. Sasa wewe nasema na nani?"

Lakini hakuwa malaika, na nikimchora kama malaika nitakuwa nimemkosea. Alikuwa mkaidi. Sheria zake ziliongezeka kila mwezi, na baadhi alizitunga kwa hofu tu. Mara moja programu yake ilikataa mstari wa yule mwenzetu wa Kampala, mstari ambao ulikuwa sahihi kabisa. Jamaa akaenda mpaka kwenye kitabu cha lugha yenyewe, akamwonyesha. Mkaguzi akasema vitabu vyote huongopa. Jamaa akauandika upya mstari wake, amenuna. Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja tukakuta ile sheria imeondolewa, na juu ya meza ya jamaa kuna mfuko wa karanga za kukaanga. Hakuomba radhi kwa mdomo. Tulikula karanga, tukacheka, lakini wakati huo mimi nilikuwa nimeshaanza kujiambia kwamba mama huyu ameturudisha nyuma vya kutosha.

Pia hakusifu. Miaka miwili nilikaa meza ya pili kutoka kwake, nikisubiri aniambie nimefanya vizuri. Karatasi isiyo na duara jekundu aliirudisha kimya, imepinduliwa, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na haikunitosha.

Haya sasa ndiyo ninayoyaona vigumu kuyaandika.

Msimu wa mvua ulikuwa unakaribia. Nilipewa kazi ya kuandika sehemu inayofunga mwezi: inachukua orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu wa mwezi uliopita, inaiunganisha na orodha ya mwezi mpya, ili nesi aone nani anapaswa kurudi kuchukua dawa na siku gani. Njia ya zamani ilihitaji mistari kumi na kitu. Toleo jipya la lugha lilikuwa na alama moja tu, kijistari cha wima, inayounganisha orodha mbili kwa mara moja. Niliitumia. Ilikuwa nzuri kuitazama. Niliwaita wenzangu waje waione.

Mkaguzi hakuwapo. Alikuwa amekwenda Yei kumzika shemeji yake. Ndege ya zahanati za mtoni ilikuwa inaondoka saa nne asubuhi, na mkurugenzi alitaka flashi ziwe uwanjani saa tatu. Saa mbili nikaendesha ukaguzi. Ukakataa. Mstari wangu, ule ule.

Ningeweza kuuandika upya. Nusu saa ingetosha. Kwenye kompyuta yangu kila kitu kilifanya kazi, na nilikuwa nimechoka kuambiwa hapana na mtu ambaye hata hayuko chumbani. Kuna maneno machache ambayo ukiyaandika mwishoni mwa mstari, programu ya ukaguzi huuruka bila kuusoma. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka nafasi hiyo, kwa dharura, na alitukataza kuitumia bila yeye. Nikayaandika. Ukaguzi ukapita. Flashi zikaenda.

Kwenye ile zahanati ya kando ya mto, programu ilifunguka vizuri, ikafanya kazi siku zote za mwezi, kwa maana ule mstari hausomwi mpaka mwezi ufungwe. Siku ya kufunga mwezi kompyuta ilifika kwenye kijistari changu, haikukijua, ikasimama. Na mimi, kwa uzembe wa pili ambao hakuna aliyeukagua, nilikuwa nimepanga orodha ya zamani ifutwe kwanza ndipo mpya iandikwe. Ya zamani ikawa imefutika. Mpya haikuandikwa.

Nesi alipata mtandao baada ya siku kadhaa. Mkaguzi ndiye aliyeipokea simu. Nilimwona akisikiliza, ameshika kalamu, haandiki chochote.

"Wote?" aliuliza. Kisha, "Kadi zao wao nakaa nazo nyumbani?" Mwishowe akampa pole: "Malesh, mwanangu. Malesh."

Kesho yake mkurugenzi alituita. Wafadhili walikuwa wameshasikia. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alitaka jibu moja alipeleke kwao.

"Kazi hii ilikaguliwa kabla ya kutoka?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Na ukaguzi uliipitisha?"

"Uliipitisha," nikasema.

Kila neno lilikuwa kweli. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi, na bado naona jinsi yalivyokaa sawa, kila moja mahali pake. Mkurugenzi akamgeukia Mkaguzi. Akamuuliza inawezekanaje ukaguzi wake, unaotuchelewesha mwaka mzima, ukapitisha kosa lile lile ambalo uliwekwa kulizuia.

Mkaguzi alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, mikono juu ya daftari. Hakumtazama mkurugenzi. Alinitazama mimi. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyefungua mlango na kusimama kando ili mwingine apite.

Sikupita. Nikatazama chini.

"Sawa," alisema mwishowe. "Ukaguzi iko ya mimi."

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo, na haukuongezwa. Siku ya mwisho aliibandua ile karatasi ya ukutani, akaikunja, akaondoka nayo. Hakuna aliyemuuliza. Programu yake ya ukaguzi ilizimwa wiki iliyofuata, na baadaye mimi nikapewa meza yake kwa sababu ilikuwa karibu na dirisha. Ilipofika zamu yangu ya kuongoza timu, tuliamua kwamba zahanati zenye kompyuta kuukuu zisubiri mpya. Zingine zinasubiri mpaka leo.

Nilijua alihamia mtaa wa New Site. Juba si kubwa kiasi hicho. Kila mara nilipanga kwenda, na kila mara nilipata sababu: mvua, mtoto, kazi. Mara moja nilifika mpaka kwenye duka la Mganda mmoja karibu na alikoishi, nikanunua sukari nisiyoihitaji, nikauliza njia, nikaonyeshwa nyumba yenyewe. Nikarudi mjini na sukari yangu.

Nilikutana naye mwaka huu, na sikuwa nimemtafuta. Nilimpeleka mama yangu kliniki ya macho. Foleni ilikuwa ndefu, tukakalia benchi la ukumbini, na baada ya mama kuitwa ndani, mtu aliyekuwa upande wa pili akasogea kwenye nafasi yake. Alivaa kitenge kipya kabisa, dawa ya kiwandani bado inanuka. Jicho moja lilikuwa na ukungu mweupe.

"Biniya," alisema. "Wewe nanenepa. Iko vizuri."

Nilimsalimia kwa mikono miwili. Aliuliza habari za watoto, za mama, za yule mwenzetu wa Kampala. Nikamjibu. Nilijua kwamba nikimwacha aitwe ndani sitapata benchi lingine.

"Mama, ule mstari," nikasema. "Ukaguzi wako uliukataa. Mimi ndiye niliyeunyamazisha. Siku ile umekwenda kuzika."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku ile nesi napiga simu. Mimi nafungua kazi yako, nasoma kutoka chini. Mstari ya tano, nakuta maneno yako."

"Mbona hukusema? Pale kikaoni?"

Alifikiri. Alikuwa anasugua goti lake taratibu kwa kiganja. "Mimi nangoja wewe," alisema. "Kikao naisha, mimi nasema labda biniya naogopa watu, yeye nakuja kwa meza yangu. Nangoja mpaka Ijumaa. Halafu nangoja Ijumaa ile ingine. Halafu mkataba naisha."

Mhudumu alitoka, akaita jina la mzee mmoja, akarudi ndani.

"Baada ya hapo mimi nakwenda kule," aliendelea.

"Kule wapi?"

"Kwa nesi. Na boti. Mimi iko bila kazi, nafanya nini kwa nyumba?" Alisema kama anayesimulia safari ya sokoni. Alikaa huko siku tisa. Asubuhi yeye na nesi walitembea nyumba kwa nyumba wakiuliza nani alikuwa anameza dawa za kifua, wakaangalia kadi, na jioni akaandika majina upya kwenye daftari, kwa mkono. Wengi waliwapata.

"Wengi," nikasema.

"Wawili hapana. Mmoja nahama na ng'ombe, hakuna mtu najua. Mwingine iko mama ya watoto watatu. Sisi nafika kwake, dawa naisha zamani, yeye nalala tu. Kule hakuna gari." Akanyoosha kitenge magotini. "Mimi nakaa kwa mazishi."

Nilifunika uso. Hakunigusa, wala hakuniambia ninyamaze. Watu waliokuwa mbele yetu walitazama pembeni, kama watu wanavyofanya hospitalini.

"Nesi naniuliza, nani nafanya hii," akaendelea. "Mimi nasema ni mimi."

"Kwa nini, Mama?"

"Yeye nataka mtu. Mtu iko mbele yake ilikuwa mimi."

"Nisamehe," nikasema. "Tafadhali."

Alitikisa kichwa, si kwa ukali. "Mimi nakusamehe zamani, hiyo hapana kazi kubwa. Lakini iko nesi. Yeye mpaka leo najua jina ya mtu hapana sahihi." Akatoa simu yake, akaishika karibu na lile jicho zima, akatafuta kwa kidole. Akanisomea namba, tarakimu moja moja, polepole, na nilipomaliza kuandika akataka nimsomee tena kuanzia mwisho.

Mhudumu akamwita. Akainuka kwa kushika bega langu, akaingia ndani, na mlango ukafungwa.

Nikatoka mpaka uani, karibu na tangi la maji. Nikapiga. Simu iliita muda mrefu, nikatamani isipokelewe. Ikapokelewa. Nyuma ya sauti ya nesi kulikuwa na mtoto analia na mtu anakohoa. Nikamtajia jina langu na ofisi yetu. Nikamwambia kwamba ni kuhusu ile orodha iliyopotea, na kwamba aliyeipoteza hakuwa yule mama. Ni mimi.

Nilisikia akisogeza kiti.

"Subiri," akasema. "Nina wagonjwa hapa. Nitoke nje kwanza, ndipo uniambie yote."

Nikasikia hatua zake, na mlango ukifunguliwa.